Zaituni na Hesabu Zangu

Enzi zetu kule Kiuyu, Pemba, darasa la nne lilikuwa na watoto wengi kuliko hewa. Tulikaa wanne kwenye dawati la wawili, kitabu kimoja katikati, na Mwalimu Mwanahawa akisomesha madarasa mawili kwa wakati mmoja, anatoka huku anaingia kule kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Vijana wa sasa feni ikizimika tu wanataka kurudi nyumbani. Sisi feni yetu ilikuwa daftari, tena la jirani, maana lako likichanika mama atakuchana wewe.

Katikati ya muhula akaletwa Zaituni. Baba yake alitoka Kigoma kuja kufanya kazi ya barabara, akaja na mkewe na binti huyu mrefu, mkimya. Mwalimu akamwambia ajitaje.

"Naitwa Zaituni. Tunarara kwa Bi Mize."

Darasa zima likaangua kicheko. Sisi Wapemba, ambao Waunguja wakitusikia tu hujishika mbavu, siku hiyo tumepata wa kumcheka! Na aliyemwiga kuliko wote nilikuwa mimi. Siku ya pili nikamwambia jioni twende chuoni. Akakimbilia kwa mama yake na habari kwamba Pemba watoto wa miaka kumi wanasoma chuo, mama akampigia pasi gauni la Idi. Akafika, akakuta mkeka, Maalimu na misahafu. Kwao huita madrasa.

Lakini hesabu! Mwalimu hajaweka chaki chini, Zaituni keshapata jibu. Mimi kwenye kugawanya nilikuwa gogo. Basi tukaelewana: mimi naleta shelisheli la kukaanga la mama, yeye ananifanyia hesabu. Alama zangu zikapanda, mama akatangaza mtaa mzima kwamba kazaa mhasibu.

Siku moja Mwalimu Mkuu akaja kutusikiliza tukisoma. Zaituni akasimama. Kila penye "kula" akasoma "kura", na kadiri tulivyocheka ndivyo ulimi ulivyozidi kumteleza.

"Huyu hajui kusoma," akasema Mwalimu Mkuu. "Kuanzia kesho akae darasa la kwanza."

Zaituni akakaa. Machozi yakadondoka kwenye kitabu, akawa anayafuta kwa ncha ya mtandio, maana kitabu kilikuwa chetu sote wanne. Ningependa kusema nilisimama kwa huruma. Wallahi, nilichofikiria kwanza ni nani atanifanyia hesabu.

"Mwalimu, yuno anajua. Hesabu zangu hufanya yeye."

"Zote?"

"Zote, Mwalimu. Hata za jana."

Mwalimu Mkuu akaandika ubaoni hesabu ya darasa la sita, akampa Zaituni chaki. Zaituni akaimaliza, akarudisha chaki. Mwalimu Mkuu akaitazama, akamtazama Mwalimu Mwanahawa, kisha akanigeukia mimi.

"Yeye abaki. Weye chukua mkoba wako."

Wiki nzima nilikaa darasa la kwanza, magoti yananigusa kidevu, nikijumlisha maembe na watoto wenye makamasi. Mama alipopata habari aliuliza jambo moja tu: "Ungenyamaza ungekufa?" Na kila mapumziko Zaituni alikuja dirishani kunifundisha kugawanya. Nikikosea, anacheka mpaka anashika ukuta. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya hapo.

Barabara ikaisha wakati wa likizo. Tuliporudi skuli walikuwa wameshaondoka. Hakuna aliyeaga, wala aliyejua wamekwenda wapi.

Leo mimi ndiye mwalimu, hapa hapa Pemba, na darasa langu limejaa vile vile. Akiletwa mgeni kutoka bara, kabla ya kengele ya mwisho wenzake wameshachukua namba yake na kupiga naye picha kumi. Ijumaa wamegombana, wamezuiana kwenye simu. Nawacheka, kisha nawaonea wivu, maana Jumatatu watapatana. Mimi kila ikibandikwa orodha ya walimu wapya wa hesabu, natafuta Zaituni. Wapo wengi. Jina la baba yake sikuwahi kumuuliza.