Meno ya Kahawia

Mwanangu, kwa miaka mingi nilikana kwamba fizi zangu hutoka damu. Baba yako akiona wekundu kwenye sinki, nilimwambia ni juisi ya rosela. Msomi mzima, shahada ukutani, nasingizia rosela!

Nakumbuka asubuhi ukaidi huo ulipoanza. Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa karibu na Ilongero, na shuleni akaja mwalimu wa kike kutoka Tanga, meno meupe kama maziwa. Yetu yalikuwa ya kahawia, kama ya wengi waliokulia maji ya visima vya kwetu. Nikajificha nyuma ya nyumba yetu ya tembe, nikayasugua kwa mchanga na majivu mpaka nikatema damu. Bibi yangu akanikuta.

"We mtoto, unasugua meno au sufuria?"

"Nataka yawe meupe kama ya mwalimu, bibi."

"Rangi hiyo ni ya maji, si uchafu. Nguzo ya tembe haisimami kwa chokaa. Inasimama kwa udongo ulioishika chini."

Akanikatia kijiti cha mti wa mswaki, akanifundisha kuitafuna ncha hadi ilainike, kisha kuipitisha polepole pale jino linapoingia kwenye fizi. Kiliwasha ulimi. "Ukali huo ndio dawa," akasema. Yeye, pamoja na uzee wake, alitafuna mahindi ya kukaanga kwa meno yake mwenyewe, ya kahawia yote. Alipogeuka, nikakitupa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu lilibaki zima, yakalegea magego.

Mwaka jana daktari wa meno alinionyesha picha: mfupa unaoyashika umeanza kuliwa. Akaniondolea ukoga uliogandamana. Akasema ukali wa kijiti cha mswaki husaidia kupunguza vijidudu vya fizi, lakini ukoga ulioganda hauutoi. "Tutapiga picha nyingine, mama. Mfupa ukizidi kupungua, tutang'oa."

Nikakirudia kijiti, mpole kama mwanafunzi aliyerudishwa darasa. Juzi nikapigwa picha ya pili.

Basi, mwanangu, damu ya fizi usiifiche. Tafuna mswaki, na kwa daktari nenda mapema. Usihangaikie weupe ukasahau kinachoshika jino. Mungu akujalie utafune mahindi mbele ya wajukuu zako.

Leo mchana simu iliita, nikavuta kiti nikapokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari. Sema tu, nimeshakaa."

"Mfupa haujapungua tena. Hatung'oi."