Tochi ya Kwenye Kipaji

Duka la ushirika lilipoletewa taa za kuuza msimu ule wa baridi, nilimwambia mume wangu achukue chemli. Akachukua tochi. Chemli ni ya vikongwe, alisema. Tochi inammulika mtu mpaka ng'ambo ya bonde. Kwamba anayetoka na ukungu wa mwezi wa saba kabla ya jogoo, kupeleka viazi barabarani kuwahi lori la Mombo, ni mimi, hilo halikumpitia akilini.

"Naishika na nini?" nikamuuliza. "Mtoto yuko mgongoni, mkono mmoja umeshika gunia kichwani, mwingine fimbo. Niishike na meno?"

"Ifunge kichwani." Akakata mpira wa baiskeli, akanipima kipaji cha uso kama anamfunga punda hatamu.

Nikamwambia, yeye na mama yake: chemli inabebwa chini, usawa wa goti, inaonyesha njia. Tochi ikikaa kwenye kipaji, ukungu unaurudisha mwanga machoni. Niliyasoma hayo sekondari, na kila mwanamke wa huku milimani anayajua bila kusoma. Mama mkwe alicheka akishika mbavu.

"Haya, mwalimu wa ukungu! Sisi tulibeba viazi gizani na mimba juu."

"Ndiyo maana umezika watoto wawili," nikamjibu.

Shikamoo yake sijawahi kumnyima. Na neno hilo sikumnyima.

Asubuhi ya tatu, kwenye kona ya korongo, mbele yangu palikuwa ukuta mweupe mtupu. Nikakanyaga hewa. Nilianguka chali, juu ya mwanangu wa miezi mitano. Gunia likabingirika bondeni. Mgongoni kwangu kitu kikavunjika, kidogo tu, kama kijiti cha kuwashia moto. Halafu ndipo akalia.

Nyumbani mama mkwe alifungua mlango, akamtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Tochi imepona?"

Hospitali walimfunga mkono. Zamu yetu ya kupeleka viazi vya ushirika iliporudi, niliacha gunia mlangoni, nikakaa jikoni kando ya moto na mwanangu.

"Amka wewe!" mume wangu akafoka. "Jina langu litasomwa mkutanoni!"

"Lisomwe."

Kusomwa mvivu mbele ya kijiji kizima, hilo ndilo aliloliogopa. Mkono wa mwanawe haukumtisha hivyo. Akairudisha tochi dukani. Akaja na chemli yenye kioo kilichopasuka, maana nzima zilishakwisha.

"Haya, beba," akasema.

"Mikono yangu imejaa. Beba wewe, nione njia."

Tangu siku hiyo ananitangulia, ameinama, chemli usawa wa goti langu. Wanawake wanaosubiri lori wanamwona akitokeza kwenye ukungu. "Shemeji, umepoteza sindano?" Wanacheka, nami nacheka nao, kwa sauti.

Mgongo unamuuma, anasema. Mkono wa mwanangu umeunga vibaya. Haupandi kupita bega.

"Shusha taa," namwambia. "Chini zaidi."