Kijiji Kisichotakiwa Kufundishwa

Siku ya kusomewa matokeo, Milembe alifika wa kwanza. Alifagia ghala la pamba ambalo chama cha ushirika kiliwaazima kwa miaka miwili, akatandika mikeka, akaosha vizibo vya soda ambavyo watoto walivitumia kuhesabu. Kitakachosemwa siku hiyo ndicho kingeamua kama pale pataendelea kuwa kituo cha watoto, au patarudi kuwa ghala.

Alikuwa mkulima wa ekari mbili upande wa Kasoli, kasoma hadi kidato cha nne. Mradi wa elimu ya awali ulipokuja, wazazi walimchagua awafundishe watoto kwa kujitolea, kwa sababu moja tu: hakuwa na hasira. Mwanzoni mtoto akiulizwa jina kwa Kiswahili alificha uso kwenye khanga ya mama yake. Mwaka wa pili watoto walewale walikuwa wanamsumbua kwa maswali. Wasichana wa miaka minane waliokuwa wakibaki nyumbani kulea wadogo zao walirudi shuleni, na mama zao walipalilia pamba wakiwa na amani moyoni.

Hayo aliyaona kwa macho yake. Lakini macho ya mkulima si kipimo. Kipimo kilikuwa ndani ya kishikwambi cha Januarius, mtathmini kutoka Mwanza, kijana mpole aliyekuja mara mbili, mwanzo na mwisho wa mradi, kuwapima watoto wa pale na wa kijiji cha ng'ambo ya mto.

Ng'ambo ndiko alikoolewa Lucy, mdogo wake Milembe, na mradi haukupelekwa huko. Kwenye semina ya Bariadi walimu waliambiwa ng'ambo watasubiri awamu ya pili, naye Milembe akaelewa kama sote tulivyozoeshwa kuelewa, kwamba fungu halikutosha. Jumamosi moja alivuka kumwona Lucy aliyetoka kujifungua, akamkuta Salu, mtoto mkubwa wa Lucy, ameshika penseli kama anayeshika mdudu asiyemjua. Jumamosi iliyofuata akabeba vizibo. Watoto wa majirani wakaja, wakazidi, mpaka ikawa kila Jumamosi watoto arobaini wanamngoja mtoni wagombanie kumpokea mfuko. Hakumwambia mtu wa mradi. Hakuficha, hakuona tu kama ni habari. Nani hutangaza kwamba watoto wa jirani walikula kwake?

Ghala lilijaa. Januarius akasoma: watoto wa hapa, wastani wa alama sabini na moja. Watu wakapiga makofi. Akanyoosha mkono watulie. Watoto wa ng'ambo, wasio na kituo, sitini na tisa.

"Kitaalamu hakuna tofauti," alisema. "Maana yake watoto wenu wangefika hapo hata bila kituo. Wafadhili hawataendelea."

Milembe alisimama akicheka. Alidhani analeta habari njema.

"Hao wa ng'ambo ni wangu pia, baba. Nawafundisha Jumamosi."

Januarius alifunga kishikwambi taratibu. Kisha akaeleza, bila kumtazama mtu, kwamba ng'ambo haikukosa fungu. Ilichaguliwa kwa kura ya bahati nasibu ibaki bila kituo, ili ionekane mtoto asiyefundishwa anakuwaje.

"Kwa makusudi?" aliuliza Milembe.

"Kwa makusudi, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Milembe akamuuliza kama basi sasa haijathibitika mara mbili, hapa na ng'ambo, kwamba kufundisha kunasaidia. Januarius alikubali kwamba yeye anaamini hivyo, ila takwimu zimeharibika na haziwezi kusema hivyo. Angeomba upimaji urudiwe kwa watoto wapya. Kwa sharti moja: ng'ambo wasiguswe.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Yakobo, alijikuna kidevu. "Kumbe tulikuwa na mwalimu hodari mpaka akatufungia shule," alisema, na watu wakacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

Philomena, ambaye binti yake alirudi shuleni kwa ajili ya kituo kile, hakucheka.

"Ungewaacha tu, Milembe. Ilikuwa miaka miwili. Ungewaacha wasijue."

Palepale wazazi wakamtaka Milembe aahidi kwamba hatavuka tena na vizibo. Aliangalia watoto waliokuwa wamejazana mlangoni, wale aliowafunza kushika penseli, akaahidi. Mtu analazimishwa kuchagua kati ya mtoto na mtoto, na anayemlazimisha yuko ofisini, mbali, wala jina lake hatujui.

Wiki hiyohiyo mizani ililetwa ghalani, na pamba ikajaa hadi dirishani. Barua kuhusu upimaji mpya haikuja, mwezi wa kwanza wala wa pili.

Jumamosi moja Milembe alishuka mtoni na ndoo. Mto ulikuwa umekauka, watu wanachimba maji kwenye mchanga. Ng'ambo, pale pa siku zote, watoto walikuwa wamekaa. Wamepungua, wamebaki sita. Salu alipomwona aliinuka.

"Mama mkubwa!"

Hakuitika. Aliendelea kuchota kwa kata, maji ya matope, kidogo kidogo. Salu alidhani hajasikika. Akasogea ukingoni, akaanza kuhesabu kwa sauti kama alivyofundishwa, moja, mbili, tatu, maana akifika kumi mama mkubwa humpa kizibo.

Alipofika saba Milembe alijitwisha ndoo ikiwa nusu, akaondoka.