Utepe wa Mpingo

Jirani yangu huuza supu ya makongoro. Akiinjika sufuria lake alfajiri, wengine husikia njaa. Mimi nasikia gundi. Ndiyo, gundi! Ile ya maseremala wa zamani, ya kuchemsha vipande vya ngozi ya ng'ombe mpaka viwe uji mzito unaonata. Baba yangu aliichemsha uani kwetu Ruangwa, na harufu yake ilikimbiza hata kuku.

Nilikuwa na miaka kama tisa. Baba ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka Nachingwea, ambako wazungu walifyeka misitu wapate kulima karanga, karanga zenyewe zikawakatalia. Alikuwa seremala kwenye kambi zao. Kazi ilipoisha, akarudi na sanduku la vifaa, kipande cha bomba la moshi la trekta, na aibu. Aibu kwa sababu hakuondoka nyumbani vizuri. Mama alimwambia mlango alioutengeneza umepinda kidogo, na kweli ulikuwa umepinda. Baba akachukua shoka, akaupasua wote mbele yetu, akaenda zake. Fundi hodari, lakini zile hasira, jamani!

Kwetu Wamwera siku zile mume ndiye aliyehamia kwao mke. Nyumba ilikuwa ya mama, shamba la ukoo wa mama, na mwenye kauli alikuwa mjomba, kaka yake. Mjomba hakumfukuza baba wala hakumkaribisha.

"Shemeji," alimwambia, "utalala kibandani na vifaa vyako mpaka ufuta uvunwe. Dada yangu asipokusemesha mpaka hapo, urudi kwenu Malolo. Na usikae bure. Nitengenezee gitaa."

Mjomba alikuwa ameyaona magitaa huko Nachingwea, roho ikambakia huko.

Basi mama akanyamaza. Loo, mama yangu alijua kununa! Alimpikia baba, akamwekea maji ya kuoga, lakini maneno yote yalipitia kwangu. "Somoe, mwambie baba yako ugali tayari," na baba mwenyewe kaketi hapo hapo. "Mwambie mama yako nimesikia." Nilichoka kama tarishi wa bomani. Nilimpenda baba yangu, nami sikutaka aende. Kila nilipopita shambani nikaona ufuta umeanza kugeuka manjano, nilihesabu siku zilizobaki.

Gitaa likapata mwili, mbavu zake za mninga. Mjomba akasema inatosha. Baba akakataa, alitaka ukingo wote uzungukwe na utepe mweusi wa mpingo. Na mpingo, mwenzangu, si mti wa kubembelezeka. Alipasua vipande vyembamba, akavikwangua kwa kigae cha chupa mpaka vikawa laini kama ukili, akaviloweka kwenye maji ya moto. Kisha akatia makaa ndani ya lile bomba la trekta na kuvikunja juu yake, mimi nimeshika ncha ya pili. Pale penye kiuno cha gitaa ndipo vilipokatika. Paa! Kila kilipokatika nilifumba macho nikingoja shoka. Baba alivuta pumzi, akachukua kingine. Mwishoni tepe mbili zikakubali, moja kila upande. Akazifunga kwenye kalibu, ubao wenye umbo la gitaa, zikauke. Mpingo mkavu ulikuwa umekwisha.

Asubuhi tukazikuta zinameremeta, zinanukia mafuta ya ufuta. Vitana vyetu vya mpingo vilipakwa hivyo hivyo ving'ae. Baba akagusa kwa kidole, akanusa.

"Gundi haishiki penye mafuta," alisema polepole.

Mishipa ya shingo ilimsimama. Mama alikuwa mlangoni kwa jiko, mchi mkononi. Masikini mama, niliwaza, kumbe hakujua.

"Somoe, muulize mama yako nani kazipaka."

Kabla sijafungua mdomo, mama akajibu, macho kwa macho na baba: "Mimi. Nimezipaka mimi."

Baba akakaa chini, pale pale vumbini. Halafu akasema, "Basi niletee majivu."

Mama akayaleta kwa mikono yake. Baba akazisugua kwa majivu na maji ya moto, akazikwangua upya, adhuhuri ikamkuta hapo. Penye kiuno gundi haikushika sawasawa. Ukucha uliweza kupita. Mjomba alipopokea gitaa lake alipapasa pale kwa kidole gumba, akamtazama dada yake, ambaye wakati huo alikuwa akimsomea baba habari za paa linalovuja, hapumziki. Akalitia gitaa kwapani, akaenda zake. Ufuta ulipovunwa, baba ndiye aliyefunga matita.

Miaka ikapita, nami nikawa mke wa mtu. Siku moja tunapepeta ufuta, nikamtania mama: "Wewe ulikuwa hujui kama gundi na mafuta haviivi chungu kimoja!"

Akaacha kupepeta. "Nimekaa na seremala miaka yote ile, nikose kuijua gundi?"

Nikaweka ungo chini.

"Mlango nilimsema tu," akaendelea. "Zile tepe nilimharibia kweli. Nilitaka nimwone akiwa na haki ya kukasirika. Angegusa shoka, angelala Malolo siku hiyo hiyo."

"Na baba alijua ulikusudia?"

"Alijua."

Miaka yote nilidhani neno la mama ndilo lililombakiza baba nyumbani. Sasa nikamwona upya, amekaa vumbini na kazi yake iliyoharibika, anaomba majivu. Aliuliza ni nani. Hakuuliza kwa nini.