Kofia Juu ya Geji

Jamani, aibu hii nimeificha miaka miwili, na leo naitoa mwenyewe kwa mdomo wangu, maana nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya pale soko la samaki, mara ooh Salum alizama, mara ooh Salum alilia (sikulia, chumvi iliniingia machoni). Ukweli wenyewe ni mbaya kuliko uongo wao, basi heri niuseme mimi. Mimi fundi wa injini za boti hapa Bagamoyo, ninayejulikana mpaka Mbegani kwa kusikiliza injini kidogo tu na kusema inaumwa nini, nilivutwa kwa kamba mchana kweupe mbele ya mji mzima, na kanzu mpya mwilini.

Nianzie kwa Zena. Zena nilikuwa namtaka mwaka mzima, naye ananitaka, na nilipomfuata baba yake akanijibu, "Mimi sina neno, muulize shangazi yake." Nyie mnajua kwetu shangazi ni nani. Baba anaozesha, lakini shangazi akitikisa kichwa hakuna ndoa, na huyu Shangazi Mwanaidi, mama mmoja mkulima wa mwani, hakuwa mtu wa kulainishwa kwa halua. Nikawaza, mtu wa baharini mpeleke baharini. Ile boti ninayoiendesha ni ya tajiri mmoja wa Dar, anaitumia kupumzikia, na alikuwa amenipa ruhusa ya Jumapili moja, basi nikamwalika Shangazi na Zena twende fungu la mchanga, tule pilau ya mama yangu, anione kazini kwangu, halafu aseme neno lake.

Asubuhi ile maji yalikuwa yamekupwa, bahari imekwenda zake mbali huko, na boti imelala ubavu juu ya mchanga. Sasa kila fundi wa pwani anajua kwamba boti ikilala ubavu oili haipimwi, unasubiri maji yajae, boti isimame sawa, ndipo uchomoe kile kijiti cha kupimia. Lakini maji yakijaa na wageni nao wanafika, na mimi nilitaka wanikute nimetulia, nimevaa, nanukia, siyo nimeinama na mikono myeusi. Nikapima hapo hapo. Kijiti kikaonyesha oili imejaa mpaka juu, nikasema alhamdulillahi, nikakirudisha. Na galoni ya oili ya akiba, kwa vile ilikuwa inanuka karibu na sufuria la pilau, nikaishusha nikaiacha kwa muuza kahawa pale ufukweni.

Saa nne tukaondoka. Sijui niwaelezeje siku ile. Hapakuwa na upepo hata wa kugusa ncha ya mtandio. Bahari ilitulia mpaka ukitazama mbele hujui maji yameishia wapi na mbingu imeanzia wapi, na mikoko ya kule mbali ilikuwa inaelea hewani, haikugusa kitu. Harufu ya udi aliojifukiza Zena inanijia pale kwenye usukani, inapotea, inarudi tena. Shangazi kakaa mbele, kimya, kanga yake ya bluu kajitanda vizuri. Injini inaunguruma polepole, polepole, nami nikazama mawazoni: nyumba yenye kibaraza, Zena ananiita nikale, ndege wanalia uani, mtoto anatambaa (jina nilikuwa nimeshalichagua, siwaambii).

Piii.

Nikadhani ni mmoja wa wale ndege wa uani. Piiii! Nikafumbua macho (ndiyo, nilikuwa nimeyafumba, nahodha mzima), naona taa nyekundu inawaka na mshale wa presha ya oili umelala chini kabisa. Hapo fundi mwenye akili anafanya jambo moja tu, anazima injini kwanza, halafu anapima oili, na habari za geji na pampu zinafuata baadaye. Nawahubiria wenzangu hivyo kila siku. Lakini Shangazi alikuwa ameshageuka.

"Salum, hicho kinacholia ni nini?"

"Si kitu, Shangazi. Geji hizi zinadanganya. Injini mimi naisikia, nzima kabisa."

Nikapitisha mkono chini ya dashibodi nikauvuta waya wa kengele, ukakatika, kipande chekundu kikabaki mkononi, nikakidondosha sakafuni. Kimya. Ikabaki ile taa, inanikodolea jicho. Nikajifanya nasikia joto, nikavua kofia yangu, nikaitundika juu ya geji. Ikafunika kila kitu vizuri sana, na mimi nikarudi kibarazani kwangu.

Haukupita muda Zena akasema, "Salum, mbona kama kuna mtu anagonga huko chini?"

"Mawimbi hayo," nikamjibu. (Hapakuwa na wimbi hata moja, bahari yote imelala.)

Kule kugonga kukageuka mlio wa kokoto zinazorushwa ndani ya debe, moshi ukaanza kutoka, na ndipo nikazima injini. Tukabaki tunaelea. Wallahi sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Maji yalikuwa maangavu, viti vya pweza, wale wenye umbo la nyota, vinapita chini yetu kimoja kimoja kwenye mchanga, nami nikaomba tuendelee kuelea hivyo hivyo.

"Oili ulipima lini?" Shangazi akauliza.

"Asubuhi, Shangazi. Ilikuwa imejaa."

"Asubuhi bahari ilikuwa wapi?"

Nikageukia ufukweni tulikotoka.

"Mimi nakaanga maandazi tangu wewe hujazaliwa," akasema taratibu. "Karai likikaa upande, mafuta yote yanakimbilia upande mmoja. Ukichungulia huko utasema yamejaa. Hebu pima sasa, boti imekaa sawa."

Nikachomoa kijiti, kikatoka kikavu, tone moja tu nchani, na kwa kuchanganyikiwa nikakifutia kwenye mkono wa kanzu. Shangazi akainuka, akaja mpaka kwenye usukani, akainyanyua kofia yangu kwa vidole viwili. Swichi nilikuwa sijaizima, taa bado inawaka.

"Geji inadanganya, injini inayogonga ni mawimbi. Kumbe humu botini msema kweli ni wewe peke yako, mwanangu?" Akaniangalia. "Na mke akikwambia jambo usilotaka kulisikia, naye utamvika kofia?"

Zena aligeukia baharini, mabega yanatikisika, na mpaka leo hataki kuniambia kama alikuwa analia au anacheka. Shangazi akaokota kile kipande cha waya, akakifunga fundo kwenye pindo la kanga, kisha akapakua pilau akala, tena akala vizuri.

Alasiri ndipo ikatokea boti ya wavuvi, na ya nani? Ya Mshamu! Mshamu ambaye injini yake nimeicheka sokoni mbele za watu, nikaiita kinu. Akatuzunguka mara mbili, makusudi tu.

"Fundi! Kinu kikuvute, au unasikiliza kwanza?"

"Vuta, ndugu yangu," nikasema.

Tukaingia Bagamoyo saa mnada wa samaki umepamba moto. Watu wakaacha kupanga bei. Kicheko kilianzia kwa wakaanga samaki kikapanda mpaka barabarani, na mimi nimesimama kwenye usukani usio na kazi, mkono mmoja wa kanzu mweusi, najifanya naelekeza. Shangazi akashuka, akasema ahsante kwa pilau, akaenda zake. Neno lenyewe hakulisema.

Wiki tatu sikupata jibu. Tajiri nilimweleza yote, bila kupunguza, akaninunia lakini hakunifukuza. Injini nikaifungua, nikakuta sili ya nyuma, ule mpira wa kuzuia oili, ilikuwa inavuja siku nyingi na beringi zimeanza kukwaruzika, nikazibadilisha. Usiku nilikuwa silali. Nilijua kabisa nimempoteza Zena, na sikuwa na wa kumlaumu.

Siku moja maji yamekupwa, boti imelala ubavu, nimekaa pembeni yake na kijiti mkononi, namwona Shangazi anatoka kwenye mwani wake, kanga imelowa mpaka magotini.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Oili ikoje leo?"

Ulimi ulishaanza kusema imejaa. Nikaumeza.

"Sijui, Shangazi. Nasubiri maji."

Akaweka gunia lake la mwani chini, akakaa juu yake, tukasubiri wote wawili, tunaitazama bahari ikirudi bila haraka, kidimbwi hiki, kidimbwi kile, mpaka boti ikanyanyuka ikakaa sawa. Nikapima, nikamwonyesha kijiti. Akakiangalia, akafungua fundo la pindo la kanga, akanipa kile kipande cha waya.

"Waambie wazee wako waje," akasema.

Waya ule ule nimeuunga kwenye kengele, unafanya kazi mpaka leo, na kofia haitoki tena kichwani nikiwa kwenye usukani, jua liwake lisiwake. Na nyumbani Zena akisema, "Salum, mbona kama kuna kitu kinagonga," nazima redio, nasimama, nasikiliza, hata kama mimi naona ni mawimbi.