Taa za Mabehewa ya Mume Wangu

Behewa la kwanza mume wangu alilinunua Jakobsberg, hapa Uswidi, kwenye soko la mitumba lililofanyika katika ukumbi wa chini wa kanisa, siku tuliyokwenda kumsaidia binti yetu kuhamia nyumba yake. Tulikuwa tumeingia kutafuta sufuria na mapazia. Nilipogeuka nikamwona mume wangu kwenye meza ya vitu vya kuchezea, ameinua behewa la kahawia la treni ya mfano, lililochakaa pembeni, amelisogeza karibu na jicho anachungulia madirishani. Binti yetu akamwuliza kwa Kiswidi hilo ni la nani, maana kwetu hakuna tena mtoto mdogo.

Akamjibu kwa Kiswahili, "Ni langu."

Nilidhani anatania. Mume wangu alikuwa dereva wa basi, mtu asiyejinunulia kitu ila viatu vya kazini. Lakini alilibeba behewa lile ndani ya koti lake mpaka nyumbani Fisksätra, na kwenye treni ya mjini hakuliweka chini hata mara moja.

Yeye ni mtoto wa Kalemie, kule Kongo. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na nyumba yao ilikuwa kwenye kambi ya wafanyakazi, karibu kabisa na njia ya treni. Umeme ulikuwa wa kubahatisha. Treni ya abiria ilipopita jioni, yeye na ndugu zake walitoka nje kuitazama kwa sababu ndani yake kulikuwa na taa. Waliona mwanamke ananyonyesha, askari amelala mdomo wazi, mzee anamenya yai. Baadaye vita ilikuja, reli ikaota majani, ndugu zake wakatawanyika, na wengine hatujui mpaka leo walizikwa wapi. Mimi na yeye tulikutana ukimbizini. Mambo ya treni alikuwa hajanisimulia hata siku moja mpaka behewa lile lilipoingia nyumbani.

Chumba alichokiacha binti yetu kikawa chumba cha treni. Aliweka ubao juu ya meza mbili, akapigilia reli za mzunguko, akaanza kutafuta mabehewa mengine ya zamani. Ya kisasa hakuyataka. Alitaka yale yenye taa ndani, zile za balbu ndogo kama punje ya mchele. Sisi Wakongo tunasema ampuli.

Nilijifunza kazi yake bila kutaka, kwa kukaa naye. Umeme unapita kwenye reli. Gurudumu la chuma linauchukua, kisha kuna ulimi mwembamba wa shaba chini ya behewa unaogusa ekseli, chuma kinachounganisha magurudumu, na kuupandisha mpaka kwenye ampuli iliyo darini. Ulimi ule ukishika vumbi, taa inapepesa. Ampuli ni moja tu katikati, kwa hiyo mwanga unasafirishwa na kijiti cha plastiki angavu mpaka vyumba vya mwisho. Na ampuli hizo zina moto. Behewa moja alilinunua likiwa limebonyea darini kwa joto, akalinyoosha na kulibandika karatasi ya fedha kwa ndani, ile ninayofunikia samaki.

Mimi hufanya kazi jikoni kwenye shule na hurudi alasiri. Wakati wa baridi saa hizo tayari ni giza. Siku zake za mapumziko aliniita nije na kazi yangu, viazi au nguo za kushona, akazima taa ya chumba na kuiacha treni izunguke. Alikuwa ameketisha abiria ndani, vijitu vya plastiki alivyovipaka rangi mwenyewe mpaka vikawa vyeusi kama sisi.

"Huyu wa dirishani anakwenda wapi?" niliwahi kumwuliza.

"Kabalo."

"Kufanya nini?"

"Kuzika."

"Na huyu mwenye kofia?"

"Anatoka kuzika. Kwenye treni yetu, mama, ukimwona mtu amevaa vizuri ujue ni msiba." Akacheka peke yake.

Kitu kimoja kilimkera. Treni za zamani ukizisimamisha unakata umeme, kwa hiyo zikifika stesheni abiria wanabaki gizani. Aligundua kwamba akirudisha kidhibiti cha umeme polepole, kuna mahali ambapo mota imeshindwa kuvuta lakini ampuli bado zina wekundu kidogo. Hapo ndipo alipokuwa akisimamisha treni yake. "Wasikae gizani," alisema.

Kisha, katika baridi moja, akaanza kulalamika kuhusu ampuli. Zamani zilikuwa nzuri, alisema, hizi za sasa hazina nguvu. Akazibadilisha. Alizoziweka nazo zikawa mbaya. Akasafisha magurudumu, akasugua shaba, akanunua kidhibiti kingine. Kila nikirudi nilikuta paa la behewa liko mezani na yeye ameinama juu yake, na kwenye kikopo cha taka ampuli zimejaa.

Siku moja aliniita nikiwa nakunja nguo. Chumba kilikuwa kimezimwa taa. "Njoo uone. Hata hii mpya imekufa."

Nikasimama mlangoni. Mabehewa yote yalikuwa yanawaka. Mwanga wa manjano ulikuwa umemwagika juu ya ubao, nikaona mpaka rangi ya vikofia.

"Ipi imekufa?" nikamwuliza.

"Hii ya mbele. Na ya pili iko karibu."

Nikakaa karibu naye, nikamshika mkono. "Baba, zinawaka zote."

"Zinawaka kidogo."

"Zinawaka sana."

Aligeuka akanitazama, na katika mwanga ule ule niliona kwamba macho yake yanautafuta uso wangu. Yalipita pembeni kidogo, yakarudi. Treni ikaendelea kuzunguka.

Kesho yake alikuwa na zamu ya asubuhi. Nikamwambia hatakwenda. Akasema barabara anaijua, njia hiyo ameiendesha miaka mingi. Nikamwambia, "Barabara unaijua. Mtoto anayevuka humjui." Hakukasirika. Alikaa ukingoni mwa kitanda na sare yake mapajani, na kulipopambazuka akapiga simu kazini kusema anaumwa. Hakuendesha basi tena.

Ulikuwa ugonjwa wa sukari. Alikuwa anajua anao, akimeza vidonge alipokumbuka, akiendelea na chai yake tamu kwenye vituo vya mwisho. Daktari wa macho, mama mpole, alituonyesha picha ya nyuma ya jicho, mishipa iliyovuja damu kwa muda mrefu bila maumivu yoyote. Wakamtibu kwa miali ya leza, wakamchoma sindano ndani ya jicho, mwezi baada ya mwezi. Jicho la kulia lilishindwa kwanza. La kushoto lilitupa matumaini kwa muda, tukaanza hata kuzungumza habari za kazi nyingine, kisha nalo likavuja damu ndani, na damu ile ilipoondolewa nyuma yake hakukuwa na kitu.

Mchungaji wetu alikuja, na akina mama wa kwaya, Wakongo na Warundi. Waliimba sebuleni kwetu, na mume wangu aliitikia kwa sauti ya chini. Walipoondoka akaniuliza kama mlango wa chumba cha treni ulikuwa umefungwa. Nikasema ndiyo. "Uache hivyo," akasema.

Ulikaa hivyo mpaka masika yakaja na kwenda. Halafu nilirudi kutoka kazini siku moja nikasikia mlio wa kidhibiti. Nilimkuta ameketi mbele ya ubao. Kichwa cha treni alikuwa amekitoa relini ili mabehewa yasiondoke, umeme ameufungua, na ametandaza viganja vyake juu ya mapaa.

"Hii inawaka," akasema. Akahamisha mkono. "Hii inawaka. Hii ya tatu imezimika, si ndiyo?"

Nikaangalia. Ya tatu ilikuwa imezimika. "Umejuaje?"

"Iko baridi."

Basi akaanza tena. Alifungua mapaa kwa kugusa, akasugua ulimi wa shaba kwa kifutio cha shule, na mimi nilimsaidia kupitisha nyaya. Ilituchukua siku nzima kuitengeneza ile ya tatu. Ilipopata joto chini ya kidole chake hakukiondoa, akakiacha palepale muda mrefu. Tangu augue, sikuwahi kumwona ametulia vile. Jioni hizo alizungumza zaidi kuliko maisha yake yote. Alinitajia majina ya ndugu zake, mmoja mmoja, na tabia zao: yupi alikuwa mwoga wa treni, yupi alikimbia sambamba nayo mpaka mwisho wa kambi.

Binti yetu ni mtoto mwema, na ninataka hilo lieleweke. Anafanya kazi ya kutunza wagonjwa, anachoka, na bado alikuja kila wiki kutoka Jakobsberg mpaka kwetu kumwangalia baba yake. Alimwona akihangaika na nyaya, akaona vidole vyake vimeungua. Siku ya kuzaliwa kwa baba ilipokaribia, nilipokuwa kazini na mume wangu hospitalini, alikuja na ufunguo wake, akayafunga mabehewa kwenye magazeti na kuyapeleka kwa fundi. Akaweka taa mpya, za kisasa, ambazo hazipepesi, haziunguzi, na treni ikisimama zinaendelea kuwaka.

Tulikula pilau, tukaomba, kisha akamwongoza baba yake mpaka kwenye ubao. Akafungua umeme. Mabehewa yaliwaka meupe kama duka la dawa.

Mume wangu akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya paa la kwanza, akasubiri. Akaenda la pili. La tatu. Akarudi la kwanza.

"Ziko zinawaka?" akauliza.

"Zote, pappa," binti akasema, kisha akaendelea kwa Kiswidi kueleza kwamba hazitakufa tena, fundi amesema zitaishi kuliko sisi.

Mume wangu akaitikia kwa kichwa. "Asante, mtoto wangu," akasema. "Umefanya kazi kubwa." Akaomba aletewe chai.

Nilimsindikiza binti mpaka stesheni. Ningeweza kunyamaza, lakini niliona heri ayasikie kwangu kuliko ayagundue mwenyewe siku nyingine. Nikamwambia habari ya joto, ambalo taa mpya hazina. Alisimama. Akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia, lakini sisi wenyewe hatukuwa tumeisema kwa maneno. Ilikuwa kitu cha mikono yake tu. Treni yake ilikuja ikaondoka, yeye bado amekaa kwenye benchi analia, na mimi nimemshika kama alipokuwa mdogo.

Fundi alikuwa ametupa ampuli zote za zamani. Binti alitafuta kila mahali, akapata chache kwa mzee mmoja wa chama cha wapenda treni. Alirudi nazo na tukaiweka moja kwenye behewa la mbele kwa mikono yetu sisi wawili, bila kumwambia baba. Vuli ilikuwa imeshaingia. Tukamwita.

Binti akamshika mkono, akauweka juu ya paa. "Hii tumerudisha ya zamani, baba," akasema, kwa Kiswahili, kila neno taratibu.

Alikaa. Akasubiri. Uso wake ukalegea, akatabasamu. "Iko joto," akasema. "Iko joto kabisa."

Hapo ndipo nilipoinama na kuona kwamba behewa limeteleza. Gurudumu lilikuwa nje ya reli, na ndani ya behewa kulikuwa giza. Binti naye aliona. Alinitazama, nikamtazama. Mkono wake ulikuwa bado juu ya mkono wa baba yake.

"Ndiyo," akasema. "Iko joto."

Binti alipoondoka, nilimwuliza mume wangu. "Ulisikia joto kweli?"

"Vidole vyangu havisikii vizuri tena," akasema. "Tangu kiangazi. Hata kikombe cha chai sikijui kama kimepoa." Akavisugua vidole vyake. "Lakini nilimsikia mtoto anavyopumua. Ningemwambia nini?"

Daktari alithibitisha baadaye kwamba sukari ilikuwa imeingia kwenye neva za mikono, na kwamba za miguu zitafuata. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyesema ubao uondolewe, apate nafasi ya kutembea bila kujigonga. Mabehewa tuliyafunga kwa taulo na kuyaweka kabatini, juu. Binti alitaka ayachukue kwake. Baba yake alisema yakae.

Siku hizi nikirudi kutoka kazini nakuta nyumba nzima giza. Nasimama mlangoni navua viatu kwa kupapasa, kwa sababu sitaki asikie swichi kwanza. Ananisikia hata hivyo.

"Mama, washa taa," anasema kutoka jikoni. "Utaanguka."

Nawasha ya jikoni peke yake. Anakuwa amekaa mezani, redio imezimwa, mikono ameikunja mapajani. Namwuliza amekula nini, ananiambia. Nabandika sufuria, namenya viazi, na yeye ananiuliza kama theluji imeanza.