Samaki wa Kifua cha Baba

Miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, Kasese nzima, kwetu Uganda, hapakuwa na mwanamume aliyekingwa dhidi ya saratani ya matiti kama baba yangu. Sitanii. Dereva wa lori la maharage, ndevu hadi hapa, na alikingwa kila mchana.

Ilianzia zahanati moja ya Bwera, mpakani na Kongo, ambako Mama aliuza vitenge sokoni. Muuguzi aliwaambia kina mama kuna kitu kinaitwa seleniamu, kimo kwenye samaki na mayai, na wataalamu bado wanachunguza kama huenda kinasaidia kuzuia saratani ya matiti. Huenda, alisema. Akaongeza kwamba chakula ni chakula tu. Mwenye uvimbe asikae nao nyumbani, aende akapimwe. Mama akarudi Kasese na samaki. Hayo mengine aliyaacha hukohuko Bwera.

Basi ikawa kambare wa ziwani Hamukungu kila siku ya Mungu. Wa kukaanga, wa kukausha, wa mchuzi wa karanga. Hijabu yangu ilinuka samaki hadi darasani. Paka wa mtaa walihamia kwetu na watoto wao. Na kambare wale, jamani, walikuwa na ladha ya tope! Siku moja nilijaribu kubakiza mkia, Mama akanitolea macho: "Kula seleniamu yako!"

"Mimi sina matiti," Baba alijitetea.

"Kifua unacho," Mama akamjibu, akamwongezea kichwa cha samaki.

Kwetu mpishi hakai na walaji. Mama aligawa: minofu na kichwa kwa Baba, vipande kwetu watoto, kisha akarudi jikoni na sufuria yake, akala peke yake kwenye kigoda. Bibi naye alifanya hivyo. Sisi hatukuwahi kumchungulia Mama.

Aliyemchungulia ni jirani yetu, mama Mkongomani wa Butembo, Mkatoliki mwenye sauti ya kengele, aliyeuza vitenge pamoja na Mama. Mchana mmoja alitukuta tukila, akapita moja kwa moja hadi jikoni. Akatoka na sufuria mkononi. Ndani mlikuwa na ugali na mchuzi, hakuna hata mwiba.

"Alinionyesha uvimbe tangu mvua ianze!" akatufokea. "Ziwa ya kushoto. Akaniapisha nisiseme. Nikanyamaza, nikasema basi, anakulaka samaki, anajitunza. Kumbe uvimbe iko kwake, samaki iko kwenu!"

Baba alikuwa ameshika kichwa cha kambare. Alikiweka chini taratibu, akakitazama kifua chake, sijui kwa nini, kisha akaenda jikoni.

"Mama Watoto, kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa kukatwa."

"Na samaki je? Si ungekula wewe?"

"Ningegawaje nianze na mimi?"

Nikakisukuma kipande changu kando. Tumemlia dawa yake, na wala si dawa! Kesho yake Baba aliliacha lori na maharage ya watu ndani, akampeleka Mama hospitali.

Walimkata ziwa la kushoto. Wakasema bahati yake hakuchelewa zaidi. Siku aliyorudi, Baba alikaanga kambare kwa mkono wake, akamuunguza upande mmoja, akamweka mzima mbele ya Mama, pale pale mkekani, machoni petu. Mlango wa jikoni aliufunga. Sisi tulipewa maharage, alhamdulillahi.

Mama aliona aibu. Akamega kidogo, akatafuna, akasita.

"Ana ladha ya tope," akasema. "Siku zote walikuwa hivi?"

Tukaitikia kwa vichwa.

"Na mlikula?"

"Ulisema tule," Baba akajibu.

Mama akacheka, ameshika pale palipokuwa na ziwa lake maana palimuuma, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akajifuta, akaivuta sahani karibu, na mkono wake wenyewe ukaanza kummega yule samaki vipande vipande, cha Baba kwanza.